Mguu wa Cherehani

Dada yangu alikuwa na pini thelathini na sita, na kila jioni kabla hatujafunga duka alizihesabu zote. Wala hakuwa bahili. Aliogopa pini moja isije ikabaki ndani ya pindo, mteja akavaa nguo mpya na kuchomwa mbele za watu. Fundi aliyemfundisha kazi alimchapa vidole kwa rula siku pini ilipokutwa kwenye kola ya bwana harusi, na tangu hapo hakuweza kufunga mlango hesabu ikiwa pungufu. Mimi nilikuwa nasimama pembeni, pasi yangu inapoa, tumbo linanguruma, namsubiri afike thelathini na sita ili twende nyumbani tukale.

Duka letu lilikuwa chumba kimoja chenye mlango mbele na dirisha dogo nyuma. Yeye na cherehani yake ya kukanyaga walikaa mlangoni penye mwanga, mimi na meza yangu ya pasi tulikaa nyuma penye joto. Yeye anashona, mimi nanyoosha. Tulifanya hivyo miaka ishirini na miwili. Wateja walimwita Mama Vipimo, kwa sababu ukiingia tu alikutupia jicho akajua kiuno chako, hata ukivuta tumbo ndani. Mimi waliniita Pasi, na jina hilo lilininasa hadi mke wangu, alipokuwa ananiacha, alisema kwaheri Pasi. Dada naye alikuwa mjane. Basi tuliishi nyumba moja, tukala chungu kimoja, tukagombania redio kama tulivyokuwa tukigombania kitanda cha karibu na dirisha utotoni.

Kuna jambo moja nalisema mapema kwa sababu ndilo lililotuponza. Dada alikanyaga cherehani peku. Akifika dukani anavua viatu, anavipanga chini ya meza ya kukatia, anaweka nyayo zake kwenye pedali ya chuma, wa kulia mbele, wa kushoto nyuma kidogo. "Kiatu ni kiziwi," alikuwa anasema. Kwa unyayo alijua mkanda umelegea, mashine inataka mafuta, uzi unakaribia kukatika. Nimemwona akisimamisha mashine na kusema sindano imepinda, na kweli ukiitoa unaikuta imepinda. Mguu wake wa kulia ulikuwa fundi kuliko mimi mzima.

Ugonjwa ulipoingia ulianza kwa kiu. Akanywa maji, akaenda chooni, akarudi akanywa tena. Halafu tundu la sindano likaanza kumkwepa, akawa ananiita mimi nimtungie uzi. Nikampeleka kliniki nikiwa najua tutakachoambiwa, kwa sababu ndivyo mama yetu alivyoanza. Mama yetu aliondoka kipande kipande. Kwanza kidole gumba cha mguu, kisha vidole vyote, kisha mguu hadi chini ya goti, kisha wa pili. Siku ya mazishi jeneza lilikuwa fupi hivi kwamba wabebaji walitazamana, na mpaka leo sijawasamehe kwa kutazamana kule.

Nesi wa kliniki ya sukari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamuru gwaride. Akamtoboa Dada kidole, akasubiri mashine, akasema, "Kumi na nane."

Dada hakuuliza kumi na nane maana yake nini. Aliuliza, "Na miguu?"

"Miguu ipo, mama, na tutailinda. Lakini mlinzi ni wewe. Mimi nakaa hapa tu."

Kisha akamweleza, polepole, kama anayempa mtu vipimo vya suti. Wanga ndio adui wa kwanza: mkate, wali, viazi, uji, biskuti, soda. Vyote vikishafika tumboni vinakuwa sukari. Vipunguze mpaka vikaribie kwisha. Kula mayai, samaki, nyama, mboga za majani mpaka ushibe, parachichi, karanga kiganja kimoja. Akampa vidonge vya aina mbili, vikubwa na vidogo. Halafu akainua vidole vitatu. "Dawa hupunguzi mwenyewe wala huongezi mwenyewe. Ukitetemeka na kutokwa jasho, lamba sukari haraka, halafu uje kwangu, maana chakula kikibadilika na dawa nayo lazima ibadilike. Na kila jioni weka kioo chini, utazame nyayo. Sukari inaua hisia za mguu. Unaweza kuchomwa na msumari usijue."

Tulipotoka nje Dada aliniambia, "Mama hakuambiwa haya yote." Nikamjibu kwamba Mama aliambiwa, ila alipenda mkate. Hakucheka, na nilistahili asicheke.

Wagonjwa wengi wakiambiwa waache wanga wanapunguza kijiko hiki na kipande kile, wanajisifu. Dada alikata chakula kama alivyokata kitambaa. Alichora mstari akapita juu ya mstari. Siku hiyohiyo mkate ukatoka nyumbani, mchele tukampa jirani, kopo la sukari likaoshwa likawekwa vifungo. Asubuhi mayai mawili na kabichi iliyokaangwa. Mchana samaki na mboga za majani. Usiku vilevile, au kuku kama kuna kuku. Chai bila sukari aliitazama kila asubuhi kama barua yenye habari mbaya, kisha akainywa yote.

Wiki ya kwanza aliumwa kichwa akawa mkali kama mkasi mpya. Mbele ya duka letu, ng'ambo ya barabara, palikuwa na tanuri la mkate, na kila saa nne harufu ilivuka ikaingia kwetu bila hodi. Nilimwona akiacha kushona, anafumba macho, anameza mate, anaendelea. Mimi, nisifiche, nilikuwa navuka kwenda kula nusu mkate nimesimama nyuma ya tanuri kama mwizi. Nikirudi ananitazama mara moja tu. "Futa sharubu," anasema. "Unga."

Na ilifanya kazi. Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu baadaye watu walisema mengi, kwamba chakula kile kilimdhoofisha, kwamba binadamu hawezi kuishi bila mkate. Upuuzi. Miezi mitatu, kumi na nane ikashuka kumi, ikashuka nane, ikafika saba. Macho yakarudi, akaanza kutunga uzi mwenyewe. Siku kipimo kilipotoka saba nesi alimsimamisha mbele ya benchi zima la wagonjwa akasema, "Mtazameni huyu mama, ndivyo inavyofanywa." Dada alijishika shavu kwa haya kama msichana. Mimi nilifurahi. Nilijiambia huyu hataondoka kama Mama. Nilijiambia kwa sauti, mtu aliyekaa karibu nami akageuka.

Kisha ikaja suti ya mwalimu mkuu mstaafu.

Alikuwa mzee mpole, na kitambaa alicholeta kilikuwa kimekaa sandukuni miaka kumi na moja. Mkewe alikinunua kabla hajafariki, akasema utakivaa siku binti yetu anaolewa. Sasa binti anaolewa. Dada alikitandaza kwenye meza ya kukatia, akakigusa kwa nyuma ya mkono, akachora kwa chaki, akachukua mkasi mkubwa. Ilikuwa karibu saa sita. Asubuhi alikuwa amekula yai moja tu kwa haraka, na vidonge alivimeza vyote kama alivyoandikiwa mwanzo, siku za kumi na nane.

Nilisikia mkasi unagonga meza. Nikageuka nikamwona ameloa jasho usoni, mikono inatetemeka hadi kwenye viwiko, midomo imekuwa ya kijivu. Aliketi sakafuni pale pale. Nyumbani kwetu hapakuwa na sukari hata punje, dukani ndiyo kabisa, nikakimbia ng'ambo nikanyakua soda kwa mwoka mkate nikamnywesha, nusu ikimwagika kifuani. Baada ya dakika kumi akapata rangi. Hakuniuliza nini kimetokea. Alisimama akatazama meza. Mkasi ulikuwa umetoka kwenye mstari ukaingia katikati ya kipande cha mbele, upana wa kiganja.

Kitambaa kile kilikuwa hakipatikani tena. Mwalimu mkuu alipokuja, Dada alimweleza ukweli akiwa amesimama wima. Mzee hakupaza sauti. Alikikunja kitambaa taratibu, kunja juu ya kunja, akakiweka kwapani, akasema, "Basi, mama, pole na wewe," akaondoka. Angetukana ingekuwa nafuu.

"Kesho twende kwa nesi," nilimwambia. "Alisema ukitetemeka uende."

"Kliniki ni Jumatatu."

"Basi Jumatatu."

"Jumatatu," akasema.

Jumatatu ikafika, na sare za shule zilikuwa zimejaa hadi kwenye kiti changu, na foleni ya kliniki inakula siku nzima. Hakwenda. Na kuna jambo nililijua baadaye kabisa ambalo nakwambia sasa. Wiki ile ile aliacha vidonge. Vyote, vikubwa na vidogo. Hesabu yake ilikuwa rahisi: wanga nimeacha, basi sukari itatoka wapi? Kinachonitetemesha ni dawa. Na fundi anayetetemeka mkono afadhali afunge duka. Hakuniambia kwa sababu alijua ningemfanyia vurugu, na kweli ningemfanyia.

Kila mwezi alinituma mimi nikamchukulie dawa. Nesi alinitolea macho. "Yeye mwenyewe yuko wapi? Mimi nataka kidole chake, sitaki ndugu yake." Nikasema atakuja sare zikiisha. Nilileta vidonge nyumbani, akavipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante mdogo wangu, akavitia kwenye kopo la vifungo. Chakula hakuvunja hata siku moja. Mayai, kabichi, samaki, kabichi. Nikimwona anakula vile, nilijua kila kitu kipo kwenye mstari.

Kwa kuwa kidole hakitobolewi tena, akaanza kujipima kwa anachokijua. Kila Jumamosi alizungusha futi kiunoni, akasoma, mimi nikaandika kwa chaki ukutani karibu na dirisha. Arobaini na moja. Thelathini na tisa. Thelathini na sita na nusu. "Futi haijawahi kunidanganya," alisema. Akawa anapunguza magauni yake mwenyewe, anafumua mishono ya pembeni, anaingiza ndani, mimi napiga pasi mishono mipya. Magauni sita kwa mwezi mmoja. Wateja wakasema Mama Vipimo umekuwa kigoli, tupe siri. Akawapa siri: acheni wanga. Wawili waliacha kweli, na mimi nilisimama nyuma na pasi yangu nikijaa kiburi kama mimi ndiye niliyekonda.

Mpumbavu mkubwa. Kiu ilikuwa imerudi, nikaiona. Dumu la maji lililokuwa linatutosha siku mbili likawa linaisha kabla ya mchana, nami nikamtania kwamba amehamia chooni, atufungulie duka hukohuko. Nilikuwa nimeshayaona haya yote kwa mama yangu mzazi, nikajitia hamnazo, kwa sababu ukutani namba zilikuwa zinashuka na mimi nilizipenda namba zile.

Kioo cha nyayo alikitumia mwezi wa kwanza. Baadaye kikapandishwa ukutani, wateja wakawa wanajitazamia. "Nyayo zangu nazisikia kutwa nzima kwenye pedali," alisema. Ila siku moja aliniambia kitu kingine. "Pasi, hii cherehani imekuwa laini siku hizi. Kama inakwenda yenyewe." Nikasema ni mafuta mapya niliyotia. Nilijisifia mafuta.

Pini ilikosekana Alhamisi. Alihesabu akafika thelathini na tano. Akahesabu tena. Tukapitisha sumaku sakafu nzima, tukakung'uta mabaki ya vitambaa, nikatikisa hadi shati langu. Hakuna. Nguo moja tu ilikuwa imetoka siku hiyo, sketi ya marinda ya mtoto wa darasa la kwanza, na kila rinda lilikuwa limeshikwa kwa pini kabla ya kushonwa. Dada alishika kichwa.

"Mtoto ataikalia," akasema. "Twende."

Tukaenda jioni ileile, mitaa mitatu, yeye mbele kwa mwendo wa haraka na kandambili zake, mimi nyuma nikilalamika. Mama wa mtoto alikuwa anafua mlangoni. Dada alimpandisha yule binti juu ya kigoda, akapiga magoti, akakamua rinda moja baada ya lingine kwa vidole, akafumua pindo lote kulizunguka. Pini haikuwepo. Bado hakuamini.

"Mama, usimvalishe hii kwanza," alisema. "Inaweza ikawa imeingia kwenye mkanda wa kiuno. Nikiipata nitakwambia, nije nimalizie na pindo. Mvalishe ile ya zamani."

"Ya zamani imechanika, fundi."

"Najua. Naomba univumilie."

Tukarudi mitaa mitatu. Nikikumbuka safari ile, kwenda na kurudi, jinsi alivyokanyaga kisawasawa, mguu mzima, bila kuchechemea, huwa naacha ninachofanya nakaa chini.

Siku kumi na mbili tuliitafuta pini ile. Kila asubuhi kabla hajakaa alipitisha sumaku. Kila mchana mtoto alipita mbele ya duka akirudi shule na sketi iliyochanika, na Dada aliinamisha uso. Mimi kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kufuta cherehani, na katika siku hizo nilikuta doa la kahawia kwenye pedali, upande wa kulia. Nikadhani ni kutu imechanganyika na mafuta yangu mapya. Nikalifuta kwa kitambaa. Kesho yake likarudi, nikalifuta tena. Dukani kukawa na harufu, nikasema panya amefia nyuma ya kabati, nikasogeza kabati peke yangu hadi mgongo ukanishika. Dada alikuwa anahisi baridi mchana, anashona amejifunika shuka. Mafua, alisema. Nikamkaangia mayai.

Siku ya kumi na mbili mashine ilikuwa inaanza na kusimama, inaanza na kusimama. "Pedali inateleza," aliniambia. "Hebu itazame." Nikapiga magoti na kitambaa changu mkononi. "Inua mguu," nikasema, na akainua.

Sitaeleza kila nilichokiona. Kidole cha tatu kilikuwa cheusi. Chini yake palikuwa na tundu dogo la duara, na unyayo wote kuzunguka tundu ulikuwa umevimba na kubadilika rangi hadi kisiginoni. Ndani ya tundu kulikuwa na kitu kinang'aa.

"Nini?" akauliza kutoka juu. "Umeiona?"

"Nimeiona."

"Iko wapi?"

"Mguuni mwako, Dada."

Alinitazama akingoja nicheke, maana nimemtania maisha yangu yote. Kisha akashika goti lake kwa mikono miwili, akaugeuza mguu mwenyewe, akatazama. "Mbona siisikii?" akasema.

Hospitali walimpima sukari ikawa ishirini na saba. Daktari kijana aliniuliza kama mgonjwa anakunywa dawa zake. Nikamwambia kila siku, daktari, mimi mwenyewe ndiye ninayezichukua, na chakula chake hakuna mgonjwa anayekishika kama yeye, hajagusa mkate tangu mwaka jana. Nilisema kwa hasira, kama mtu anayetetea jina la ukoo. Dada alikuwa ametazama ukuta.

"Sinywi," akasema. "Tangu siku ya ile suti."

Daktari hakumkaripia. Alieleza kwamba kukonda kule hakukuwa kupona, kwamba sukari iliposhindwa kutumika mwili ulianza kujila wenyewe, na kwamba kidonda nacho kilipoingia kiliipandisha zaidi. Nikakumbuka namba zangu ukutani. Za mwisho zilikuwa thelathini na mbili, nilizikoleza kwa chaki mara mbili kwa furaha.

Jioni nesi wa kliniki alikuja wodini, sijui nani alimwambia. Alisimama miguuni pa kitanda na sare yake ya kazi. Nilimngoja agombe. "Chakula ulikishika kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kuwa naye," alisema, na sauti ile ya gwaride haikuwepo. "Chakula chako kilikuwa kinafanya kazi hadi dawa ikazidi. Ndiyo maana ulitetemeka. Ungekuja Jumatatu ile ningekukatia kidonge kidogo nusu, basi. Nusu tu, mama."

"Nilikuwa na sare," Dada akasema.

Walimkata mguu wa kulia chini ya goti, mahali palepale walipomkata Mama. Mimi niliketi kwenye benchi la nje nikalia bila kujificha, mtu mzima na sharubu zangu. Baadaye muuguzi wa chumba cha upasuaji akanipa kichupa kidogo chenye pini ndani, labda alidhani nitaitaka kwa ushahidi. Niliitia mfukoni nikiichukia kama vile ni mtu.

Dada alipoamka alitazama shuka lilivyolala upande wa kulia. Aliangalia mara moja tu, hakurudia. Midomo ilikuwa imekauka, nikamlowesha kwa pamba. Neno lake la kwanza nililazimika kuinama nilisikie.

"Waliitoa?"

"Waliitoa. Ninayo."

"Nzima?"

"Nzima."

Akafumba macho. "Thelathini na sita," akasema. Kisha akanishika mkono wa shati. "Nenda kamwambie mama wa yule mtoto. Mwambie sketi haina kitu. Amvalishe."

Nikaenda, mitaa mitatu. Mama wa mtoto aliitoa sketi sandukuni, pindo likiwa bado linaning'inia alivyoliacha Dada, akamvalisha binti yake pale mlangoni, na mtoto akazunguka ili marinda yafunguke. Akaniuliza pini ilipatikana wapi.

"Ilikuwa dukani," nikamwambia. "Siku zote ilikuwa dukani."

Nililichukua lile pindo nikalishona kwa mkono, mimi nisiyejua kushona, nikajichoma vidole vitatu, na kila nilipochomwa nilisikia.

Sasa ni mwezi wa nane tangu akatwe mguu. Vidonge vyote vya kale vilivyokuwa kwenye kopo la vifungo nilivimwaga chooni. Dada anajidunga sindano ya dawa asubuhi na jioni mbele yangu, na mayai na kabichi vinaendelea, kwa sababu nesi amesema viendelee. Tunakwenda kwa nesi kila Jumatatu aliyotupangia hata kama sare zimefika kwenye dari, na yeye hupunguza dawa au huongeza kwa kadiri kidole kinavyosema. Mimi siendi tena nyuma ya tanuri. Namba za ukutani nilizifuta, lakini chaki imeacha kivuli na ukitazama kwa pembeni bado zinasomeka. Cherehani anakanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake, umevikwa kiatu cha ngozi kilichofungwa hadi juu, na mashine inakwenda kwa kusitasita. Uzi ukikatika siku hizi anashtuka kama mteja.

Jioni anahesabu pini zake. Akifika thelathini na sita nakishusha kile kioo ukutani, nakiweka sakafuni, namvua kiatu, natazama unyayo wa kushoto kidole kwa kidole. Kisha namwambia afumbe macho, nachukua ncha ya uzi, namgusa hapa na pale, na yeye anasema nasikia, nasikia. Nesi ndiye aliyenifundisha.

Jana alifumba macho kama kawaida. Nikachelewa, nilikuwa natafuta uzi uliponiangukia.

"Nasikia," akasema.

Sikuwa nimemgusa bado.